Mgando au mashapo? Ugomvi wa kale kuhusu mawe na funzo lake kwa istilahi zetu

Muulize mvuvi wa Vanga au wa Faza maana ya neno 'mwamba'. Atakuonyesha bahari. Kwake yeye, mwamba ni ule ukuta wa matumbawe uliojificha chini ya maji, ambao mawimbi huvunjikia kabla ya kufika ufuoni, na ambao hupasua chombo cha nahodha asiyeijua njia. Sasa muulize mwanafunzi wa shule ya upili kule Nyahururu. Atafungua kitabu chake cha Jiografia, kilichoandikwa kwa Kiingereza, halafu atasita. Jina la Kiingereza la jiwe analolikanyaga kila asubuhi analijua. La Kiswahili halijui, na huenda mwalimu wake pia halijui.

Wapo wanaotumia mfano kama huu kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kufundisha elimu ya mawe. Ati ni lugha iliyozaliwa penye matumbawe, mahali ambapo jiwe hutokana na viumbe vya baharini, ilhali bara letu limejengwa kwa mawe yaliyotoka tumboni mwa ardhi. Sikubaliani nao. Ukiisoma historia ya elimu hiyo, utagundua kwamba hata lugha za Ulaya zilianza na vurugu tupu. Wataalamu wake waligombana kwa miongo mingi kuhusu jiwe moja tu: je, lilitokana na maji au na joto?

Nianze na hali ilivyo kwetu. Wanajiolojia hugawa mawe katika makundi makuu matatu. Kundi la kwanza ni mawe yaliyokuwa uji wa moto ukapoa. La pili ni yaliyotokana na mchanga, matope, chumvi au mabaki ya viumbe yaliyotua na kushikana. La tatu ni yaliyogeuzwa na joto na shinikizo bila kuyeyuka. Kundi la pili halina tabu kubwa: tunaliita miamba ya mashapo, na kila mtu aliyewahi kunywa tembo la mnazi au kahawa ya buli anajua mashapo ni nini. Shida iko katika lile la kwanza. Katika maandishi ya Kiswahili utakutana na 'miamba moto', 'miamba ya volkano' na 'miamba ya mgando'. Ni lipi lililo sahihi? Jibu limefichwa ndani ya ugomvi niliokwisha kuutaja.

Mwaka 1775, Abraham Gottlob Werner alianza kufundisha katika chuo cha madini cha Freiberg, Ujerumani. Alikuwa mwalimu hodari na wanafunzi walimiminika kwake kutoka nchi nyingi. Werner alifundisha kwamba hapo kale dunia nzima ilifunikwa na bahari, na kwamba karibu mawe yote, itale na basalti zikiwemo, yalitua kutoka katika maji hayo, tabaka juu ya tabaka. Na volkano je? Hizo aliziona kuwa jambo dogo la juzijuzi, lililosababishwa na makaa ya mawe kuwaka chini ya ardhi. Kwa Kiswahili tungesema kwamba kwa Werner kila jiwe lilikuwa mashapo.

Hata hivyo, tayari mwaka 1763 Mfaransa Nicolas Desmarest alikuwa ameona jambo jingine. Katika milima ya Auvergne, katikati ya Ufaransa, alikuta nguzo za basalti zenye pembe kama zilizochongwa na fundi. Alizifuata hatua kwa hatua hadi zikamfikisha kwenye mito ya zaha iliyoganda, ambayo nayo ilianzia kwenye vilima vya volkano vilivyozimika. Basalti ile, kumbe, ilikuwa imetiririka.

Kule Edinburgh, James Hutton alikuwa na wazo kubwa zaidi. Aliamini kwamba hata itale, lile jiwe gumu lenye chembe kubwa ambalo Werner aliliona kuwa shapo la kwanza kabisa la bahari ya kale, liliwahi kuwa uji wa moto. Ushahidi aliutafuta mwaka 1785 katika bonde la Glen Tilt huko Uskoti. Pale mtoni aliona mishipa ya itale nyekundu imepenya ndani ya mwamba mwingine mweusi, ikaupasua na kujaza nyufa zake. Shapo haliwezi kupenya ndani ya kitu kilicholitangulia kwa namna ile. Aliyepenya lazima alikuwa majimaji, na aliyepenywa alikuwapo kabla yake. John Playfair, rafiki aliyeandika maisha ya Hutton, anasimulia kwamba furaha ya mzee huyo ilikuwa kubwa hata waliomwongoza njia wakadhani amegundua mshipa wa fedha au dhahabu.

Wapinzani wake hawakukosa hoja, na hoja yao moja ilikuwa nzito. Mwamba ukiuyeyusha tanurini kisha ukaupoza, walisema, unapata kioo. Hupati jiwe lenye chembe. Basi itale yenye chembe kubwa namna ile ingewezaje kuwa ilitoka motoni? Aliyejibu hoja hiyo ni Sir James Hall, rafiki wa Hutton. Hutton mwenyewe hakuupenda mpango wa kuipima kazi ya dunia kwa tanuri dogo la binadamu, na Hall, kwa heshima, alisubiri hadi Hutton alipofariki mwaka 1797. Kisha aliyeyusha mawe ya Edinburgh pamoja na zaha iliyoletwa kutoka Italia. Alipoyapoza haraka, alipata kioo. Alipoyapoza polepole, alipata jiwe lenye chembe. Tofauti yote ilikuwa katika muda wa kupoa.

Tazama sasa Kiswahili kinavyoueleza ugomvi huu kwa maneno mawili tu: mashapo na mgando. Shapo hutua, mgando hushikamana ukiwa mahali pake, kama maziwa yanavyoganda katika kibuyu. Hutton alishinda kwa sababu alionyesha kwamba itale ni mgando.

Ndiyo maana mimi naliunga mkono jina 'miamba ya mgando' na kuyatilia shaka yale mengine mawili. 'Miamba ya volkano' ni jina la sehemu tu ya kundi hili, kwa maana mawe mengi ya aina hii hayakuwahi kuona mdomo wa volkano; yalipoa kilomita kadhaa chini ya ardhi. 'Miamba moto' nalo lina kasoro mbili. Kwanza, mtoto akilisikia hudhani jiwe lenyewe ni la moto sasa hivi. Pili, linatufanya tuamini kwamba chini yetu kuna moto unaowaka kama wa jikoni. Hakuna. Sehemu kubwa ya mwamba ulio chini ya ganda la dunia una joto kali sana lakini ni mgumu, kwa sababu shinikizo la uzito ulio juu yake linauzuia kuyeyuka.

Huyeyuka vipi basi? Hapa kwetu katika Bonde la Ufa, ganda la dunia linavutwa na kuwa jembamba. Mwamba wa moto ulio chini hupanda. Kadiri unavyopanda, shinikizo hupungua, na shinikizo likipungua vya kutosha, sehemu ya mwamba huyeyuka bila mtu kuongeza kuni. Kule Amerika Kusini, kwenye safu ya Andes, mambo ni tofauti: sakafu ya bahari huzama chini ya bara ikiwa na maji ndani yake, na maji hayo hushusha kiwango cha joto ambacho mwamba huhitaji ili uyeyuke. Kwa hivyo maji, ambayo Werner aliyapa kazi isiyo yake, yana kazi yake halisi katika kuzaliwa kwa mawe haya.

Uji huo wa mawe ukiwa bado chini huitwa magma. Ukitoka nje ni zaha, au lava kama wengi wasemavyo. Na ili kuyapanga mawe yanayotokana nao, wataalamu huuliza maswali mawili.

Swali la kwanza: lilipoa wapi, na kwa muda gani? Lililopoa ndani sana huchukua maelfu ya miaka au zaidi, na chembe zake hupata nafasi ya kukua hadi ukaziona kwa macho. Hivyo ndivyo ilivyo itale ya Kit Mikayi karibu na Kisumu, na ile ya jiwe linalolia la Ilesi, Kakamega. Lililopoa juu ya ardhi huwa na chembe ndogo mno, kama basalti ya Marsabit na ya vilima vya Chyulu. Na lile lililopoa ghafla halipati chembe kabisa; huwa kioo cheusi, yaani obsidiani, kama ile ipatikanayo Eburru na karibu na Naivasha. Wazee wetu wa kale kabisa waliijua tofauti hii kwa mikono yao. Huko Olorgesailie, watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba watu walioishi hapo takriban miaka 300,000 iliyopita walitumia obsidiani iliyotolewa umbali wa kilomita 25 hadi 50 au zaidi. Walikuwa na mawe mengine tele mlangoni mwao, lakini walitaka lile lenye makali.

Swali la pili: lina silika kiasi gani? Silika ndiyo inayoufanya uji huo uwe mzito au mwepesi. Basalti ina asilimia 45 hadi 52 ya silika, na zaha yake hutiririka kama uji mwepesi. Riolaiti, kama ile ya Olkaria, ina zaidi ya asilimia 63, na zaha yake hujikokota kama ugali unaokataa kumwagika, ikirundikana karibu na mahali ilipotokea. Katikati kuna mawe kama andesaiti.

Ukiyaweka maswali haya mawili pamoja, unaona mawe yakijipanga wawili wawili, kila jozi ikiwa ya ndugu wa tumbo moja. Aliyebaki ndani ni itale, aliyetoka nje ni riolaiti. Aliyebaki ndani ni gabro, aliyetoka nje ni basalti. Viambato ni vilevile. Malezi ndiyo tofauti. Mlima Kenya unatuonyesha jozi moja kwa uwazi wa ajabu. Vilele vya Batian na Nelion ni kizibo cha sienaiti ya nefelini, jiwe lililopoa ndani ya koo la volkano. Kuta za volkano hiyo zililiwa na barafu na mvua kwa muda mrefu, na kizibo kikabaki kimesimama. Ndugu yake aliyetoka nje ni fonolaiti, na jamaa zake wamejaa kwenye mitelemko ya mlima huo.

Hapo ndipo historia ya majina inapotugusa Wakenya. Mwaka 1893, mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory aliondoka Mombasa na wapagazi wake, akavuka Bonde la Ufa na kupanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu yake. Miaka sita baadaye, Halford Mackinder alifika kilele cha Batian. Katika makala yake ya mwaka 1900 kuhusu jiolojia ya mlima huo, Gregory alilipa jina jipya jiwe moja lenye fuwele kubwa zenye umbo la msambamba: aliliita kenaiti, kutokana na jina Kenya. Miaka michache baadaye, wapelelezi Waingereza waliofika Bara la Antaktika walikuta jiwe la namna hiyohiyo kwenye miteremko ya volkano ya Erebus. Jina la mlima wetu likatumika kwenye theluji ya ncha ya kusini ya dunia, na hili lilifanyika miaka kadhaa kabla ya nchi yetu kuitwa Kenya rasmi mwaka 1920.

Gregory hakuwa peke yake. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, karibu kila mtaalamu aliyeokota jiwe lililomshangaza alilipa jina la mahali alipoliokota. Andesaiti ni Andes. Kimbalaiti ni Kimberley ya Afrika Kusini. Arthur Holmes alipochunguza volkano za magharibi mwa Uganda, alitoa majina ya katungaiti, mafuraiti na ugandaiti. Baadaye wenzake walichukua silabi za mwanzo za majina hayo matatu na kuunda jina moja la ukoo mzima, kamafugaiti. Na sienaiti je? Hilo limetoka Syene, jina la zamani la Aswan kule Misri. Cha kuchekesha ni kwamba jiwe maarufu la Aswan, kwa vigezo vya leo, si sienaiti, ni itale. Jina lilihama na kumwacha mwenyewe.

Matokeo yake? Kufikia katikati ya karne ya 20, majina ya mawe ya mgando yalizidi 1,000. Jiwe moja lilikuwa na majina matano, na jina moja lilibeba mawe matatu. Je, wewe unayeshughulika na istilahi za Kiswahili, hali hii haikukumbushi kitu?

Aliyeongoza kazi ya kuliondoa gugu hili ni Mswisi Albert Streckeisen. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kukusanya maoni ya wenzake kutoka kila pembe. Mwaka 1970 tume ya kimataifa iliundwa akiwa mwenyekiti wake, na mwaka 1989 kitabu cha mapendekezo yao kilichapishwa. Hawakuanza na majina. Walianza na vigezo. Walisema: pima kiasi cha madini manne tu katika jiwe, yaani kwatzi, aina mbili za feldispa, na jamii ya nefelini. Kisha tafuta mahali pake kwenye mchoro. Mchoro huo una umbo la pembetatu mbili zilizogusana kitako, kwatzi kwenye ncha ya juu, jamii ya nefelini kwenye ncha ya chini. Sababu ni kwamba hawa wawili hawapatani: penye silika ya ziada, nefelini hugeuka kuwa feldispa. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mamia ya majina yaliachwa. Kenaiti ni mojawapo. Katika orodha ile inatajwa kuwa jina la mahali tu, haimo miongoni mwa yaliyopendekezwa. Komatiaiti, iliyopewa jina la mto Komati wa Afrika Kusini mwaka 1969, ilibaki. Je, tulionewa? Sidhani. Komatiaiti ilibaki kwa sababu ilitaja zaha ya aina ambayo hakuna jina jingine lililoitosha. Kenaiti ilikuwa jina la pili la kitu ambacho vigezo vilikwisha kukipatia nafasi, ndani ya ukoo wa fonolaiti. Mapenzi ya nchi hayatoshi kulihifadhi neno. Kazi ya neno ndiyo huliweka hai.

Na fonolaiti yenyewe ina somo. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Martin Heinrich Klaproth mwaka 1801, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe la sauti, kwa sababu kipande chake kikigongwa kwa nyundo hulia kama chuma. Wachimba migodi wa Kijerumani walikuwa na jina la kwao lenye maana hiyohiyo kabla yake. Mtaalamu alisikiliza kilichosemwa machimboni, akakivika nguo ya Kigiriki. Sisi tunalo jiwe hili kwa wingi. Nyanda za Kapiti zimekaa juu yake. Uwanda wa juu wa Yatta, unaoenea takriban kilomita 300, ni mto mmoja wa fonolaiti uliotiririka bondeni miaka milioni 13 hivi iliyopita, kisha ardhi ya kando ikamomonyoka na mto ukabaki juu kama ukuta. Tukisema 'jiwe mlio', tutakuwa tumekosea wapi?

Kwa mtazamo wangu, funzo kwa wanaistilahi ni hili. Tusikimbilie kutafsiri majina kabla ya kuelewa vigezo. Tukikubaliana kwamba kundi zima ni miamba ya mgando, basi tutakuwa na mgando wa ndani kwa ndugu wa itale, na mgando wa nje kwa ndugu wa basalti, na mwanafunzi ataona uhusiano wao ndani ya majina yenyewe. Majina ya kimataifa ya jiwe mojamoja tuyatohoe bila haya, maana hata Waingereza waliyatohoa. Na pale ambapo Kiswahili kina neno, kama itale, zaha, kokoto na timbo, tulitumie.

Tuwasikilize pia mafundi. Mwashi wa Juja anajua jiwe lipi hukatwa kwa msumeno na lipi huvunja nyundo, ingawa hajui kwamba lile la kwanza ni majivu ya volkano yaliyoshikana na la pili ni zaha. Na hapo kuna swali tamu kwa darasa: majivu hayo yalitoka kwenye magma, lakini yalitua kutoka hewani kama mashapo. Tuyaweke wapi? Wanajiolojia nao hulijadili swali hilo, na mtoto wa darasa la nane anaweza kulijadili kwa Kiswahili, almuradi apewe maneno mawili.

Nao wanaosema bara na pwani hazina jiwe moja, wakumbuke kwamba sehemu ya maji yanayonywewa Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, na maji hayo huchujwa na zaha ya vilima vya Chyulu. Mvuvi wetu wa matumbawe ana nduguye mjini anayekunywa maji yaliyopita ndani ya mgando. Kilichobaki ni watunga mitaala, waandishi wa vitabu na wanakamusi wa Kenya na Tanzania kuketi pamoja na wanajiolojia, wakubaliane kuhusu vigezo kwanza, kisha majina. Streckeisen na wenzake walichukua takriban miaka 30. Sisi tukianza sasa, hatuhitaji muda wote huo.